Magari yalishinda, kampuni ikafilisika: uchambuzi wa kisa cha Bentley ya Cricklewood, 1919–1931

Kisa kwa ufupi

Kampuni ya kwanza ya Bentley, ile ya Cricklewood kaskazini mwa London, iliishi miaka 12 tu. Katika muda huo iliunda magari yanayozidi 3,000 kidogo na kushinda mbio za saa 24 za Le Mans mara 5. Julai 1931 ilishindwa kulipa rehani, ikakabidhiwa mfilisi, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa mikononi mwa mshindani wake mkubwa, aliyeinunua kwa kujificha nyuma ya jina la kampuni nyingine.

Wengi hukisimulia kama kisa cha mdororo wa uchumi: soko la hisa la New York liliporomoka Oktoba 1929, matajiri wakaacha kununua magari, Bentley ikafa. Sikubaliani na simulizi hiyo. Mdororo ulimaliza kazi iliyokuwa imeanza miaka mingi nyuma. Ukifuatilia maamuzi moja baada ya jingine utaona tabia moja inayojirudia: kila fedha zilipobana, kampuni ilijibu kwa kuunda gari jipya lenye injini kubwa zaidi, badala ya kuuza kwa wingi lile ambalo gharama za kulibuni zilikuwa zimekwisha kulipwa. Kwa yeyote mwenye karakana, kiwanda kidogo au kazi ya mikono inayosifiwa kuliko inavyolipa, kisa hiki kinastahili kusomwa taratibu.

Wahusika wakuu wamo katika kumbukumbu za umma, kwa hiyo wanatajwa. Wadai wadogo, mafundi na wateja binafsi wameachwa bila majina wala alama za kuwatambulisha.

Usuli

Walter Owen Bentley, ambaye wote walimwita W.O., alizaliwa London mwaka 1888. Alianzia kwenye reli. Akiwa na miaka 16 aliingia uanagenzi katika karakana za Great Northern Railway mjini Doncaster, akajifunza kufua, kusubu na kuchonga chuma, na akapanda vichwa vya treni kuchochea makaa. Tabia ya fundi wa treni haikumtoka. Alipenda mashine nzito, imara, zenye nguvu ya kukimbia kutwa nzima bila kulegea. Magari yake yote yana alama hiyo, uzuri wake na uzito wake.

Mwaka 1912 yeye na kaka yake, H.M., walichukua uwakala wa kuuza magari ya Kifaransa ya DFP. Mwaka uliofuata alitembelea kiwanda cha DFP na kuona juu ya meza pistoni ndogo ya alumini iliyowekwa kama pambo la kukandamizia karatasi. Pistoni za wakati ule zilikuwa za chuma. W.O. alijiuliza kwa nini pistoni ya alumini isiingie ndani ya injini yenyewe: ingekuwa nyepesi, na injini ingeweza kuzunguka kwa kasi zaidi bila kujivunja. Akasubisha pistoni za alumini iliyochanganywa na shaba kidogo, akazifunga kwenye DFP, na gari lile dogo likavunja rekodi katika uwanja wa Brooklands.

Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza aliipelekea serikali ujuzi huo. Katika jeshi la anga la wanamaji alirekebisha injini za ndege zilizokuwa zikiwafia marubani angani, kisha akabuni zake, BR1 na BR2, zilizofungwa kwenye ndege za Sopwith. Vita ilipokwisha, tume ya kuwatuza wavumbuzi ilimpa pauni 8,000.

Tuziweke wazi rasilimali zake mwaka 1919: jina linaloheshimiwa na wahandisi, tuzo ya pauni 8,000, na wenzake wachache hodari, miongoni mwao Frank Burgess na Harry Varley. Hakuwa na kiwanda wala mtaji wa maana. Alikusudia kuunda gari la kifahari la mwendo kasi, aina ya gari linalomeza fedha nyingi kabla halijaingiza hata senti.

Mfuatano wa matukio

*1919 hadi 1921: gari linaonyeshwa, haliuzwi*

Chasisi (gari tupu lisilo na bodi) ya Bentley 3 Litre ilionyeshwa katika maonyesho ya magari ya Olympia, London, Novemba 1919. Mteja wa kwanza alikabidhiwa gari Septemba 1921. Kati ya tarehe hizo mbili kuna takriban miaka miwili ya mishahara, vipuri, majaribio na kodi za jengo, na hakuna mauzo.

Injini ilistahili kusubiriwa, hilo halina ubishi. Ilikuwa na silinda 4 nyembamba na ndefu, kipenyo cha milimita 80 na mwendo wa pistoni wa milimita 149, jumla ya sentimita za ujazo 2,996. Kamshafti, mhimili unaofungua vali, ilikaa juu ya injini. Kila silinda ilikuwa na vali 4 na plagi 2. Kichwa na bloku vilisubiwa pamoja, kipande kimoja, kwa hiyo hapakuwa na gasketi ya kichwa ya kuungua. Kwa mwaka 1919 hayo yalikuwa mambo ya magari ya mashindano.

Lakini tazama upande wa pili wa uamuzi huo wa kichwa kisichofunguka. Fundi akitaka kusaga vali, kazi ya kawaida kabisa enzi zile, analazimika kunyanyua bloku nzima kutoka juu ya krenkikesi (kasha la chini la injini), akifungua na kila kilichoshikana nayo. Ni kazi ya saa nyingi. Na kampuni ilitoa waranti ya miaka 5 kwa kila chasisi, jambo ambalo washindani wachache walithubutu kulifanya. Ahadi hiyo ilileta wateja. Ilikuwa pia deni lisiloandikwa popote, lililokua kwa kila gari lililotoka getini.

*1922 hadi 1924: mbio badala ya matangazo*

Kwa kuwa fedha za matangazo hazikuwepo, W.O. aliamua mbio ndizo ziwe tangazo. Mwaka 1922 Bentley ilishiriki mbio za Indianapolis, Marekani, na kumaliza nafasi ya 13, kisha ikatwaa tuzo ya timu katika mbio za Tourist Trophy za kisiwa cha Man.

Mwaka 1923 mteja mmoja wa Bentley, John Duff, alitaka kuingia mbio mpya za saa 24 huko Le Mans, Ufaransa. W.O. aliona ni wazimu. Gari gani litakimbia saa 24? Hata hivyo alimruhusu Frank Clement, dereva wa kiwanda, afuatane naye, na dakika za mwisho akaenda kutazama mwenyewe. Jiwe lilivunja taa, jingine likatoboa tanki na petroli ikamwagika hadi gari likazimika barabarani. Gari halikuwa na breki za mbele. Bado lilimaliza la 4.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi katika miaka hii. Hawakurudi London kusimulia bahati mbaya. Walirudi na orodha ya kazi. Toleo lililofuata lilikuwa na breki kwenye magurudumu yote manne, na gari la Duff la mwaka 1924 lilifungwa wavu wa kukinga taa dhidi ya mawe. Mwaka huo Duff na Clement walishinda. Mbio zilikuwa maabara, na mteja wa kawaida alinufaika moja kwa moja kwa kupata gari linalosimama vizuri zaidi.

*1924 hadi 1926: kukutana na Rolls-Royce njiani*

Bentley iliuza chasisi, na mteja aliipeleka kwa mtengeneza bodi aliyempenda. Wengi walitaka bodi zilizofungwa, zenye viti vizito, vioo na mapambo. Chasisi ya 3 Litre iliyobuniwa kwa bodi nyepesi ikawa inabeba nyumba. Mwendo ukapungua, malalamiko yakaongezeka, na kumbuka ile waranti ya miaka 5.

W.O. akabuni injini ya silinda 6 ya lita 4¼ na kuifunga kwenye gari la majaribio lililosajiliwa kwa jina la uongo, The Sun. Mwaka 1924 alilipeleka Ufaransa kulijaribu. Wakati wa kurudi, akielekea feri ya Dieppe, alikutana na gari jingine la ajabu lililofichwa sura: lilikuwa gari la majaribio la Rolls-Royce. Pande zote mbili zikatambuana. Wakashindana ubavu kwa ubavu kwenye barabara kuu ya Ufaransa, hakuna aliyeweza kumwacha mwenzake, hadi kofia ya mmoja wa watu wa Rolls-Royce ilipopeperushwa na upepo wakasimama kuifuata.

Dereva mwingine angefurahi kuwa sawa na Rolls-Royce. W.O. hakuridhika. Alitanua kipenyo cha silinda kutoka milimita 80 hadi 100, na injini ikawa ya lita 6½. Gari la 6½ Litre liliingia sokoni mwaka 1926.

Kihandisi, jibu lilikuwa sahihi. Kibiashara, kampuni isiyo na akiba ilikuwa imejipeleka kwenye uwanja wa kampuni tajiri kuliko zote katika soko lile.

*1926: fedha za Kimberley*

Kufikia wakati huo Bentley ilikuwa ikikata pua kuunga wajihi: inalipa mdai wa jana kwa amana ya mteja wa leo. Aliyeiokoa ni Woolf Barnato, kijana wa umri wa miaka 30, mpenzi wa mbio na mwenye gari la Bentley. Baba yake, Barney Barnato, alijipatia utajiri mkubwa katika machimbo ya almasi ya Kimberley na dhahabu ya Afrika Kusini. Kwa hiyo si kutia chumvi kusema kwamba magari yaliyoshinda Le Mans mwishoni mwa miaka ya 1920 yaliendeshwa kwa fedha zilizochimbwa kwenye ardhi ya Afrika.

Barnato aliingiza zaidi ya pauni 100,000. Wadai wakalipwa. Masharti yake yalikuwa makali: hisa za zamani za pauni moja zilishushwa hadi shilingi moja, yaani moja ya ishirini ya thamani yake. Barnato akawa mwenyekiti. W.O. akabaki kazini kama mwajiriwa wa kampuni yenye jina lake.

*1927 hadi 1930: miaka ya ushindi*

Mwaka 1927 Le Mans, magari yote matatu ya Bentley yaligongana katika ajali kubwa usiku, kwenye kona ya White House. Moja tu, 3 Litre ya Sammy Davis na Dakta Dudley Benjafield, liliweza kujikokota hadi kituoni likiwa na ekseli iliyopinda na taa moja iliyovunjika. Likarekebishwa kadiri ilivyowezekana, likarudi barabarani, likashinda. Waliporudi London gari hilo liliingizwa ukumbini katika hoteli ya Savoy, likiwa na matope yake, kama mgeni wa heshima wa karamu.

Mwaka 1928 Barnato mwenyewe na Bernard Rubin walishinda na 4½ Litre mpya. Mwaka 1929 Barnato na Tim Birkin walishinda na Speed Six, toleo la kasi la 6½, na Bentley zikajaza nafasi 4 za kwanza. Mwaka 1930 Barnato na Glen Kidston walishinda tena. Barnato alishiriki Le Mans mara 3 na kushinda zote 3.

Hapa katikati kuna suala la Blower, yaani 4½ Litre yenye supachaja (pampu ya kusukumia hewa kwenye injini). Birkin alitaka kasi zaidi na alitaka ipatikane kwa kufunga supachaja kwenye injini ya 4½. W.O. alipinga kabisa, imani yake ilikuwa kwamba ukitaka nguvu, ongeza ukubwa wa injini, usiisukumie hewa kwa nguvu. Birkin akapata fedha kwa tajiri Dorothy Paget, na supachaja kwa mhandisi Amherst Villiers. Lakini kanuni za Le Mans zilitaka magari 50 ya aina hiyo yaundwe kwa ajili ya kuuzwa. Barnato akakubali, na karakana za Cricklewood zikalazimika kuunda magari ambayo mbunifu wao mkuu hakuyaamini. Mwaka 1930 hakuna Blower hata moja iliyomaliza Le Mans. Speed Six za kiwanda, zisizo na supachaja, zilishika nafasi ya kwanza na ya pili.

*1930 hadi 1931: lita 8, kisha lita 4*

Oktoba 1930, mwaka mmoja baada ya mporomoko wa New York, Bentley ilizindua 8 Litre katika maonyesho ya Olympia. Chasisi peke yake iliuzwa pauni 1,850, na bodi mteja anunue kwingine. Lilikuwa gari la kustaajabisha, lenye uwezo wa kupita maili 100 kwa saa hata likiwa na bodi nzito iliyofungwa. Kampuni ilikuwa inakufa na tai shingoni. Yaliundwa 100.

Mei 1931 likatoka gari la mwisho, 4 Litre, lililokusudiwa kuwa nafuu. Injini yake ilibuniwa na timu ya Harry Ricardo, si W.O., na haikuwa na kamshafti ya juu iliyokuwa alama ya Bentley. Kwa kubana matumizi, injini hiyo ndogo ilifungwa kwenye chasisi iliyotokana na ile ya 8 Litre. Gari likawa zito na goigoi. Yaliundwa 50.

Julai malipo mawili ya rehani yalifika tarehe yake. Kampuni haikuwa na fedha. Barnato, aliyekuwa mdhamini wa deni, safari hii hakulipa. Tarehe 10 Julai 1931 mfilisi aliteuliwa.

Maamuzi na sababu zake

Ni rahisi kuwalaumu ukiwa umeshajua mwisho, kwa hiyo turudi walikokuwa.

Uamuzi wa kutumia mbio kama tangazo ulikuwa na mantiki kamili. Ushindi mmoja wa Le Mans uliandikwa na magazeti yote bila malipo. Ningekuwa mjumbe wa bodi mwaka 1922 ningeunga mkono.

Uamuzi wa 6½ Litre ulitokana na kilio halisi cha wateja, na kosa halimo katika kuwasikiliza. Njia nyingine zilikuwepo, mojawapo ikiwa kuwawekea watengeneza bodi kikomo cha uzito na kukifanya sharti la waranti. Hiyo isingegharimu injini mpya. Kwa mtu aliyelelewa na reli, hata hivyo, mzigo ukizidi unaleta kichwa chenye nguvu zaidi. Ndivyo alivyofikiri.

Uamuzi wa kumkubali Barnato haukuwa uamuzi hasa, kwani mlango mwingine haukuwepo. Kilichoweza kujadiliwa ni masharti, na hapo W.O. hakuwa na la kushika mkononi. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Blower ndiyo uamuzi ninaoushangaa zaidi. Barnato alikuwa mwenyekiti, mwekezaji na dereva kwa wakati mmoja. Dereva ndani yake alimpenda Birkin na kasi yake. Mwenyekiti alipaswa kuuliza magari 50 yatanunuliwa na nani, na nani atabeba waranti yake.

Kuhusu 8 Litre, kumbuka kwamba gari halibuniwi kwa mwezi mmoja. Kazi ilianza wakati mauzo yakiwa mazuri, na mporomoko ulipotokea fedha zilikuwa zimekwisha kutumika. Kuacha kungekuwa hasara ya uhakika, kuendelea kulikuwa kamari. Wakacheza kamari.

Matokeo

Kampuni ya D. Napier & Son, iliyokuwa imeacha magari na kujikita kwenye injini za ndege, ilikubaliana na mfilisi kuinunua Bentley. W.O. alishaanza kuwaza juu ya gari la Napier-Bentley. Novemba 1931, suala lilipofikishwa mahakamani ili kukamilishwa, akatokea mnunuzi mwingine asiyejulikana: British Central Equitable Trust. Zabuni zikawasilishwa zikiwa zimefungwa, na trasti hiyo ikashinda kwa takriban pauni 125,000. W.O. mwenyewe hakujua ni nani aliyemnunua. Baadaye ndipo ikabainika kwamba nyuma ya trasti hiyo alisimama Rolls-Royce.

Rolls-Royce ilipata kiwanda cha Cricklewood, duka la Cork Street, kituo cha huduma cha Kingsbury, na W.O. mwenyewe kupitia mkataba wake wa ajira. Napier ilipinga mahakamani kuhusu W.O., ikashindwa. Halafu ikagundulika jambo la kuumiza: Bentley haikuwa imeisajili alama yake ya biashara. Rolls-Royce iliisajili mara moja.

8 Litre, mpinzani halisi wa Phantom II, gari la kifahari la Rolls-Royce, ilisimamishwa. Cricklewood iliuzwa mwaka 1932. Mwaka 1933 Bentley mpya ya 3½ Litre ilitoka Derby, kwenye kiwanda cha Rolls-Royce, ikiwa na injini iliyotokana na Rolls-Royce. Barnato alipata takriban pauni 42,000 kwa hisa zake, na mwaka 1934 akaingia kwenye bodi ya kampuni mpya. Wenye hisa za shilingi moja hawakuwa na sherehe ya kufanya.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Uhandisi ulifanya kazi, na kitanzi cha kujifunza kati ya mbio na kiwanda kilifanya kazi vizuri kuliko karibu kampuni yoyote ya wakati ule. Breki za mbele ni mfano. 4½ Litre ni mfano mzuri zaidi, na hausifiwi inavyostahili. Silinda zake zilikuwa na kipenyo cha milimita 100 na mwendo wa milimita 140, vipimo vilevile vya 6½. Kwa maneno mengine, 4½ ilikuwa injini ya 6½ iliyopunguzwa silinda mbili na kuwekwa kwenye gari la familia ya 3 Litre. Utafiti uliokwisha kulipiwa ukatumika mara ya pili. Yaliundwa takriban 720 kwa miaka michache. Hii ndiyo mara pekee kampuni ilipounda gari jipya kwa akili ya mfanyabiashara na ya mhandisi kwa pamoja, na likashinda Le Mans katika mwaka wake wa kwanza kamili sokoni.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Hesabu inasema yenyewe. 3 Litre: takriban 1,620. 4½: 720, Blower zikiwemo. 6½ na Speed Six: 545. 8 Litre: 100. 4 Litre: 50. Zaidi ya nusu ya magari yote ni ya aina ya kwanza, ile iliyobuniwa mwaka 1919. Kila toleo kubwa lililofuata liliuzwa kwa uchache zaidi, huku kila moja likidai michoro mipya, kalibu mpya za kusubia, vipuri vya akiba na mafundi wa kulihudumia kwa miaka 5.

Hapo napata sababu ya kukataa simulizi ya mdororo. Kampuni ilikwama mwaka 1925, katikati ya muongo wa neema, na Barnato alilazimika kuongeza fedha tena mwaka 1927, 1928 na 1929. Biashara inayohitaji kutiwa fedha mpya kila mwaka wakati soko ni zuri haiwezi kusingizia soko baya.

Linganisha na Austin. Kampuni hiyo nayo iliangukia mikononi mwa mfilisi, mwaka 1921, mwaka uleule Bentley ilipouza gari lake la kwanza. Jibu la Herbert Austin lilikuwa Austin Seven ya 1922, gari dogo kuliko yote yaliyokuwa yakichukuliwa kwa uzito, na yaliundwa takriban 290,000 hadi 1939. Sisemi Bentley ingeunda gari dogo. Haikuwa na mashine, eneo wala watu wa kazi hiyo, na W.O. asingeweza kulipenda gari kama hilo. Ninachosema ni kwamba Austin, alipobanwa, aliuliza ni watu wangapi wanaweza kulinunua gari lake. Cricklewood, ilipobanwa, iliuliza gari linaweza kwenda kasi gani.

Kushindikana kwa pili ni mapato ya bodi. Mteja wa Bentley alilipa mamia ya pauni kwa watengeneza bodi kama Vanden Plas, Gurney Nutting au H.J. Mulliner, wakati lawama za uzito na mitetemo zilirudi Cricklewood. Utaratibu wa kuuza chasisi tupu ulikuwa wa kawaida kwa magari ya kifahari, lakini Rolls-Royce ilikuwa na biashara ya injini za ndege ya kuishikilia. Bentley ilikuwa na chasisi tu.

La tatu ni alama ya biashara. Herufi B yenye mabawa ilikuwa mali yenye thamani kuliko mashine zote za kiwandani, na mbio 5 za Le Mans ndizo zilizoijenga. Kuisajili kungegharimu kiasi kisichozidi tairi chache za Speed Six. Ingekuwa imesajiliwa kwa masharti yanayomlinda W.O., huenda mazungumzo ya mwaka 1926, au hata ya 1931, yangekuwa na sura nyingine. Kiwanda kidogo kinachofikiri kwamba jina litajilinda lenyewe kwa kuwa linajulikana kifungue ukurasa huu kwanza.

4 Litre nayo inahitaji neno. Husemwa ilikuwa ishara ya kukata tamaa. Kwangu lilikuwa wazo sahihi lililotekelezwa kwa kuchelewa na kwa vifaa visivyolingana. Gari la bei ya wastani, lenye chasisi nyepesi iliyobuniwa kwa ajili yake, lingehitajika mwaka 1928, Barnato akiwa bado na moyo wa kutoa na soko likiwa bado hai. Fedha na muda wa mafundi vilikuwepo wakati ule. Vilienda kwa Blower na 8 Litre.

W.O. baada ya Cricklewood

Rolls-Royce haikumpa meza ya kubuni. Alijaribu magari na kutoa maoni. Mkataba ulipoisha mwaka 1935 aliondoka kwenda Lagonda, kampuni nyingine ya magari, ambayo Alan Good alikuwa ameinunua kutoka kwa mfilisi, safari hii akiishinda Rolls-Royce yenyewe iliyokuwa ikiitaka pia. Huko, W.O. akiwa mhandisi tu na hesabu za benki zikibebwa na mwingine, aliongoza ubunifu wa injini ya V12. Baada ya vita ya pili timu yake ilibuni injini ya silinda 6 iliyoitwa LB6. David Brown aliponunua Aston Martin na Lagonda mwaka 1947, aliichukua injini hiyo na kuifunga kwenye Aston Martin DB2. W.O. alifariki mwaka 1971, akiwa hajawahi kurejeshewa haki ya kuuza gari kwa jina lake mwenyewe.